Almasi Iko Chini, Zumaridi Iko Mlimani: Namna ya Kusoma Mgawanyo wa Mali katika Minecraft

Dunia ya kwanza niliyofungua na wenzangu wanne katika Minecraft, ule mchezo wa simu na kompyuta wa kuchimba na kujenga, ilikufa ndani ya wiki mbili. Haikuvamiwa wala haikufutika. Bahati ndiyo iliyotuzidi: tulitokea kando ya kijiji, nyuma ya kijiji mlima, ndani ya mlima pango lililoshuka hadi kwenye almasi, na pembeni dimbwi la lava la kutengenezea obsidiani, lile jiwe jeusi gumu. Jioni ya tatu kila mmoja wetu alikuwa amevaa almasi kuanzia kichwani hadi miguuni. Jioni ya nne hakuna aliyemwomba mwenzake kitu. Zikaanza zile za "leo nimechoka", "kesho basi", mpaka nikabaki mwenyewe na kuku wangu.

Dunia ya pili ilitutupa katikati ya jangwa. Mti wa kwanza tuliupata baada ya kutembea dakika kumi za saa ya ukutani, na mchana wote wa mchezo ni dakika kumi hizo hizo, kwa hiyo tuliukuta giza linaingia na mikono mitupu. Tulilalamika sana. Dunia hiyo tuliicheza miezi saba.

Mchezo ulikuwa ule ule, maadui wale wale, watu wale wale. Kilichotofautiana ni mahali mali ilipolala. Tangu hapo, nikifungua dunia mpya sitafuti kwanza pa kujenga. Nauliza: hapa kuna nini, hakuna nini, na kisichokuwepo kiko umbali gani? Mwongozo huu ni wa namna ya kuuliza maswali hayo, peke yako au na kundi.

Nitatumia neno *mbale*, lile la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa maana ya jiwe lenye madini ndani yake. Kipimo cha umbali ni tofali, kwa kuwa dunia yote ya Minecraft imejengwa kwa matofali.

Hatua ya 1: Washa namba za mahali ulipo

Kwenye simu, yaani Bedrock Edition, ingia mipangilio ya dunia uwashe Show Coordinates. Kwenye kompyuta ukiwa na Java Edition, bonyeza F3. Utaona namba tatu: X na Z zinakuambia uko upande gani wa ardhi, Y inakuambia uko juu au chini kiasi gani. Usawa wa bahari ni karibu Y 62.

Wapo wanaosema kutazama namba ni kudanganya. Sawa, na wacheze bila namba. Ila ujue kwamba bila Y huwezi kufanya lolote kati ya yanayofuata, utakuwa unachimba kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Hatua ya 2: Jifunze ngazi ya madini

Toleo la 1.18, lililotoka tarehe 30 Novemba 2021, ndilo lililobadilisha kila kitu. Kabla yake ardhi ilianzia Y 0, na mchezaji yeyote aliyekaa wiki mbili alijua jibu: shuka hadi Y 11, toboa njia, almasi zipo. Chuma, dhahabu, Redstone (madini mekundu ya kuendeshea mitambo), vyote uliviokota ukiwa hapo hapo. Jibu lilikuwa moja kwa watu wote, na kwa kweli lilikuwa jibu la kuchosha.

Toleo la 1.18 liliishusha sakafu hadi Y -64 na kuipandisha dari ya kujengea hadi 320. Ndani ya urefu huo madini yakatawanywa, kila moja likapewa kimo chake. Hebu tushuke nayo kutoka juu.

Makaa ya mawe ni mali ya juu. Yanajaa zaidi karibu na Y 96 na kuendelea kupanda milimani, na chini ya Y 0 huyapati kabisa. Maana yake ni kwamba ukishuka kutafuta almasi bila makaa ya kutosha ya mienge, huko chini hakuna pa kuyaokota. Nimeshawahi kupanda matofali mia moja na zaidi kurudi juu kwa sababu ya mienge tu. Ukikosa makaa kabisa, choma magogo kwenye tanuri upate mkaa. Mkaa na makaa ya mawe vinafanya kazi sawa: kipande kimoja kinayeyusha vitu 8.

Shaba iko tele karibu na Y 48, na kwenye mapango ya mawe yanayodondoka maji ni nyingi zaidi. Utaipata bila kuitafuta.

Chuma kina makao mawili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwanza ni karibu na Y 16. Pili ni milimani, kadiri unavyopanda kuelekea Y 232. Kama umetokea chini ya mlima mrefu, usichimbe chini kutafuta chuma: panda. Utakiona kimejitokeza kwenye kuta za mlima, mchana kweupe. Kama umetokea kwenye mbuga tambarare, shuka hadi 16. Chuma ndicho madini ya kupanga safari ya kwanza, kwa sababu hesabu yake inajulikana: mavazi kamili vipande 24, sururu 3, ndoo 3, upanga 2, ngao 1. Ukiwa na vipande 33 umeshatoka kwenye umaskini.

Lapis lazuli, jiwe la buluu, imejikusanya kuzunguka Y 0. Dhahabu iko Y -16, isipokuwa kwenye Badlands, zile nchi za udongo mwekundu, ambako iko tele hata juu ya ardhi, hadi Y 256. Redstone inaanzia Y 15 na kuongezeka unavyokaribia sakafu.

Almasi inaanza kuonekana Y 16, lakini hapo ni kubahatisha. Kila unaposhuka inaongezeka hadi chini kabisa. Wachimbaji wengi hukaa Y -58 au -59, kwa kuwa kuanzia -60 unaanza kugonga mwamba wa mwisho usiovunjika.

Halafu zumaridi, ambayo inakwenda kinyume na zote. Iko milimani tu, na inaongezeka kadiri unavyopanda. Mtu aliyezoea kwamba cha thamani kiko chini atazeeka shimoni bila kuiona.

Ngazi hii inakwenda pamoja na ngazi ya sururu. Sururu ya mbao inatoa makaa. Ya mawe inatoa chuma, shaba na lapis. Ya chuma inatoa dhahabu, Redstone, zumaridi na almasi. Ya almasi ndiyo pekee, ukiacha ile ya Netherite, madini yaliyo daraja la juu kuliko almasi, inayotoa obsidiani. Ukivunja mbale kwa sururu isiyostahili, jiwe linapotea na hupati kitu. Ndiyo maana chuma kimewekwa mahali pa kufikika mapema na almasi mahali pa mbali: kila daraja linakupa ufunguo wa daraja linalofuata. Ukiruka daraja utaisimamia almasi uliyoiona kwa macho yako huku huwezi kuigusa.

Hatua ya 3: Soma ardhi kwa upana

Kimo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni bayomu, yaani aina ya nchi uliyomo: jangwa, msitu, kinamasi, theluji, mbuga.

Kabla ya kujenga nyumba ya kudumu, tembea siku tatu za mchezo. Beba kitanda (sufu 3 na mbao 3), chakula, na kasha moja. Andika X na Z za kila unachokiona: kijiji, kinamasi, mlima, mwanzi wa sukari, lava iliyo juu ya ardhi. Kuandika kwenye daftari kunatosha. Mimi natumia nyuma ya daftari la duka, na mke wangu ameshazoea kukuta "kijiji 640, -1120" katikati ya madeni ya unga.

Unatafuta mpaka. Nyumba iliyo katikati ya msitu mkubwa ina mbao na basi. Nyumba iliyo mahali msitu unapokutana na mlima, na mto ukipita hapo, ina mbao, chuma cha juu, makaa, zumaridi, samaki na miwa ya kutengenezea karatasi. Watu wa kundi langu la jangwani walitaka tujenge palepale kwenye mti wa kwanza, kwa uchovu. Tulisogea matofali mia nne mbele, ambako jangwa lilipakana na kinamasi, na hilo ndilo lililotuokoa: mchanga wa vioo upande mmoja, na upande wa pili slime, wale viumbe wa ute wanaotokea usiku kinamasini. Ute wao ndio unaotengeneza pistoni za kunata. Kwingineko slime hutokea chini ya ardhi kwenye maeneo machache tu, na unaweza kumaliza mwezi hujakutana naye hata mmoja.

Kwa anayecheza kwenye simu, neno moja la pembeni: kila ardhi mpya unayoikanyaga inahifadhiwa, na faili la dunia linanenepa. Kama nafasi ya simu ni ndogo, tembea kwa mstari ulionyooka kwenda na kurudi. Usizunguke ovyo.

Hatua ya 4: Tenganisha kinachoota tena na kinachoisha

Hapa ndipo hesabu ya mali inapogeuka kuwa hesabu ya muda. Kila kitu unachokihitaji kiulize: je, kinaota tena?

Chuma kinaota. Golemu wa chuma wanaolinda vijiji hutokea wenyewe wanakijiji wakiwa wengi, na ukimuua mmoja anaacha chuma. Watu hujenga mitambo ya kuwazalisha na kuwaangusha, na baada ya hapo chuma si habari tena. Dhahabu inaota kupitia wale nguruwe-zombi wa Nether, ulimwengu wa pili wa moto unaoingiwa kwa lango. Chakula, mbao na sufu vinaota, hilo linajulikana.

Zumaridi inaota kwa njia ninayoipenda kuliko zote, biashara. Mtengeneza mishale wa kijijini ananunua vijiti 32 kwa zumaridi 1. Gogo moja linatoa mbao 4, mbao 2 zinatoa vijiti 4, kwa hiyo gogo moja ni vijiti 8. Magogo 4, zumaridi moja. Mkulima naye ananunua ngano 20 kwa zumaridi. Anayeishi msituni karibu na kijiji anaweza kuwa tajiri wa zumaridi bila kukanyaga mlima maisha yake yote. Kisha anazipeleka kwa fundi wa zana na fundi wa mavazi, ambao wakipandishwa daraja wanauza sururu na mavazi ya almasi yaliyokwisha kutiwa uchawi. Mfanyabiashara wa kijijini akiuziwa mno hufunga duka mpaka aende tena kwenye meza yake ya kazi, hivyo uwe na wawili watatu.

Almasi yenyewe, jiwe, haioti. Mbale ukiivunja imekwenda. Lakini angalia vizuri maana ya kuisha. Kwenye Java dunia inakwenda karibu matofali milioni 30 kila upande kutoka katikati, huwezi kumaliza almasi za eneo kama hilo. Kinachoisha ni almasi za karibu. Uhaba wa Minecraft karibu wote ni wa nauli: mali ipo, ila kila mwezi iko mbali kidogo kuliko mwezi uliopita. Ukilielewa hilo utaacha kuchimba kwa hasira palepale ulipokwisha kupachimba, na utaanza kufikiria njia, farasi, mitumbwi na reli.

Hatua ya 5: Panga safari za chini kwa mpangilio huu

Safari ya kwanza ni ya chuma, na ya pangoni. Mapango yanakuonyesha kuta nyingi bila kuchimba, na chuma hakijifichi. Ukiwa chini ya Y 0 ukakuta jiwe la tuff la kijivu limejaa kwa wingi lililochanganyika na mbale za chuma, simama: huenda umegonga mkondo mkubwa, na mkondo mmoja unaweza kukulisha majuma. Wa shaba upo juu ya Y 0, ukiwa umefungwa ndani ya graniti.

Safari ya pili ni ya almasi chache tu. Unahitaji 3 za sururu na 2 za meza ya uchawi, pamoja na obsidiani 4 na kitabu kimoja. Almasi 5, urudi nyumbani. Usizidishe.

Ukiona almasi nyingine njiani, ziache. Nimeona watu wakikasirika nikisema hivi. Weka mwenge pembeni, andika namba za mahali, uondoke. Sababu ni uchawi unaoitwa Fortune. Sururu yenye Fortune III hutoa, kwa wastani, almasi 2.2 kwa kila mbale badala ya 1. Aliyechimba mbale 20 kwa pupa ana almasi 20, aliyesubiri ana 44 hivi. Kwa kuwa mbale haioti tena, pupa ya siku ya pili utailipa nauli siku ya arobaini.

Safari ya tatu ndiyo ya kuchimba kweli. Hapa mapango hayakusaidii sana, na hiki ni kitu ambacho waundaji wa mchezo wamekifanya kimyakimya: almasi iliyopangiwa kukaa mahali panapogusana na hewa mara nyingi huondolewa. Kwenye kuta za mapango unaona mabaki, nyingi zimezikwa ndani ya mwamba. Toboa njia kuu, tofali 1 kwa upana na 2 kwa kimo, kisha matawi kushoto na kulia ukiacha matofali 3 kati ya tawi na tawi. Jiwe la huko, Deepslate, ni gumu mara mbili ya jiwe la kawaida, kwa hiyo hesabu sururu zako kabla ya kushuka. Ya chuma inavunja matofali 250, ya almasi 1,561.

Sasa lava. Mapango yote yaliyo chini ya Y -54 yamejaa lava. Ukichimba -58 upo karibu na almasi nyingi kuliko popote, na pia upo chini ya usawa wa lava: ukitoboa ukuta wa pango, inakumwagikia. Ukichimba -53 utapata almasi pungufu, lakini utakanyaga juu ya lava badala ya kuipokea kifuani. Mgeni nampeleka -53. Mimi nakaa -58, na ndoo ya maji mkononi muda wote. Usichimbe kamwe tofali ulilosimamia.

Hatua ya 6: Nether, ambako hatari yenyewe ni ukuta wa ghala

Lango la Nether linahitaji obsidiani 10 tu ukiruka pembe zake nne. Kule ndani tofali 1 ni matofali 8 ya duniani, na hapo ndipo lile suala la nauli linapopata dawa: kijiji kilicho umbali wa matofali 2,400 kinakuwa matofali 300. Kundi letu liligeuza Nether kuwa stendi. Njia ya mawe iliyofunikwa pande zote, vibao vya majina kila mlango, "Kinamasi", "Badlands", "Kwa Mganga". Dunia ya jangwani ilianza kuwa dunia siku stendi ilipokamilika.

Mali za huko zimewekwa mahali ambapo usingependa kwenda. Fimbo za Blaze, viumbe wa moto, ambazo bila hizo hakuna kutengeneza dawa wala kufika End, ulimwengu wa joka, hutoka kwenye ngome tu. Ancient Debris, mbale ya Netherite, imejaa zaidi karibu na Y 15, haijitokezi kwenye hewa, na inataka sururu ya almasi. Vipande 4 vyake vilivyoyeyushwa na dhahabu 4 vinatoa mche 1 wa Netherite. Angalia dhahabu ilivyoingizwa hapo: ghafla Badlands, ambazo hakuna aliyezijali, zina soko. Tangu toleo la 1.20 la Juni 2023 unahitaji pia kigezo cha kuboreshea zana, kinachopatikana kwenye magofu ya Piglin, wale watu-nguruwe wa Nether. Ukikipata kimoja unaweza kukinakili kwa almasi 7, basi almasi nazo zikapata kazi mpya hata kwa aliyekwisha kuvaa.

Mbinu ya kuchimba: Ancient Debris haiharibiki kwa mlipuko, na kitanda kikilaliwa Nether kinalipuka. Chimba njia Y 15, weka kitanda mbele, weka tofali kati yako na kitanda, kibonyeze. Sufu ni rahisi kuliko baruti. Ukisahau tofali la kujikinga, tutaonana nyumbani.

Hatua ya 7: Kama wewe ndiye unayefungua dunia kwa ajili ya wengine

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuifikia tangu mwanzo, maana mgawanyo wa mali huumiza au kuponya kundi kuliko unavyomgusa mtu mmoja.

Anza na mbegu, ile namba inayozalisha dunia. Fungua nakala ya mbegu hiyo kwa hali ya Creative, ambamo unaweza kuruka angani, ruka juu yake nusu saa, uandike. Binafsi naikataa mbegu yenye kila kitu ndani ya matofali 300 kutoka pa kutokea. Naikataa pia isiyo na mti ndani ya 300, hata kama dunia yetu ya jangwa ilifana. Ile ilikuwa na watu wavumilivu, na hupati kundi la namna hiyo kila mara. Ninachopenda: mbao, maji na chakula karibu, chuma umbali wa kati, kisha kijiji upande mmoja, mlima upande wa pili, na kinamasi au Badlands upande wa tatu, kila kimoja umbali wa matofali 800 hadi 1,500. Namba hizi ni za uzoefu wangu, zibadilishe. Ukiwa na Java kuna aina ya dunia iitwayo Large Biomes, ambamo kila bayomu imetanuliwa mara nne kwa kila upande. Ni nzuri kwa watu kumi au zaidi. Kwa watu watatu ni adhabu.

Kisha waache watu watawanyike. Usiwalazimishe kijiji kimoja. Akikaa mmoja mlimani na mwingine kinamasini, mazungumzo yanakuja yenyewe:

"Kaka, ute unao?"

"Ninao. Unanipa nini?"

"Zumaridi tatu."

"Tatu? Mlima mzima huo wako, unanipa tatu?"

Sheria za biashara hazikuandikwa na mtu kwetu. Zilitokana na ukweli kwamba kutoka kinamasini hadi mlimani ni dakika sita, na hakuna aliyetaka kutembea dakika sita kwa kitu ambacho mwenzake anacho kasha zima.

Hapa kuna mpangilio mmoja unaoua yote hayo: Keep Inventory. Ukiuwasha, mtu akifa anarudi nyumbani na mizigo yake yote. Inaonekana huruma. Lakini basi umbali haugharimu tena kitu. Mtu anakwenda Badlands, anajaza dhahabu, anaruka kwenye shimo, anazinduka kitandani kwake na dhahabu mfukoni. Kufa kumekuwa daladala ya bure. Ukiuzima, vitu vya aliyekufa vinakaa chini dakika 5 kisha vinapotea, na kila hatua mbali na nyumbani inakuwa na uzito. Kwa watoto wadogo uwashe, usijisumbue. Kwa watu wazima uzime, na uvumilie matusi ya wiki ya kwanza.

Vitu vichache vinahitaji kusemwa wazi kabla mchezo haujaanza, kwa sababu havigawanyiki vyenyewe. Yai la joka ni moja kwa dunia nzima. Elytra, mabawa ya kurukia, iko ndani ya meli za End tu, moja kwa kila meli, na wa kwanza kufika wanafagia meli za karibu zote jioni moja. Anayejiunga mwezi wa pili anakuta maelfu ya matofali ya visiwa vilivyokombwa. Sisi tulikubaliana kila mtu achukue moja tu mpaka wote wapate. Walikubali kwa sababu ilisemwa mapema, yaani kabla ya mtu kuwa na tano.

Vivyo hivyo ardhi ya karibu na pa kutokea. Tulichora mraba wa matofali 500 tukasema chini yake hapachimbwi almasi na mtu aliyekwisha kuvaa. Ni ya wageni. Na toleo jipya la mchezo likitoka na madini au nchi mpya, kumbuka kwamba kwa kawaida vitu hivyo hutokea kwenye ardhi ambayo haijakanyagwa. Shaba ilipoingia na toleo la 1.17 mwaka 2021, waliokwisha kuzunguka eneo lote la nyumbani ndio waliosafiri mbali kuipata. Kwa hiyo tulibakiza upande mmoja, kusini, hauendi mtu mpaka toleo lifike.

Mwisho kuna kasha pale pa kutokea. Letu lina sururu ya mawe, mikate 16, kitanda, mienge 32, na karatasi ya ramani yenye alama ya stendi. Hatuweki chuma. Anayekuja ataelekezwa kilipo, na njiani lazima apite mlangoni kwa mtu.